Tarehe ya kura haiko zawadi ya wakubwa

Tangu tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka 2024, neno Katiba limeingia mpaka ndani ya kariere. Siku ile, hapa kwetu Kisangani, Raisi Félix Tshisekedi alisema mbele ya watu kama Katiba ya inchi haitufai tena sawasawa, na kama mwaka 2025 itaundwa komisheni ya kuitazama upya. Moja ya malalamiko yake ilikuwa ya muda: kisha kura, miezi mingi inapita mbele mamlaka mapya yaanze kazi.

Toka siku ile mabishano hayajakoma. Kwenye mashimo ya Banalia na Bafwasende, kwenye kontware za almasi hapa mjini, hata nyuma ya toleka, utasikia sauti mbili. Wamoja banasema: "Miaka tano iko kidogo, mumuache mutu amalize kazi." Wengine banajibu: "Miaka tano ni miaka tano, asiongeze hata siku moja." Mabishano haya ni mazuri, inchi ni yetu sote. Lakini tunaona kama watu wanabishana juu ya hesabu ya miaka tu, na wanasahau ulizo lenye linamuumiza mtu mdogo zaidi: nani anaweka tarehe ya kura, na nani anaweza kuisogeza?

Siye tunasema hivi. Hesabu ya miaka haina nguvu kama tarehe yenyewe haina mlinzi. Na kura yenye haina mlinzi kabisa ni ile iko karibu zaidi na mchimbaji: kura ya sekta yake, ya usultani wake na ya komine yake.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 iko wazi. Kifungu cha 70 kinasema Raisi anachaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka tano, na anaweza kurudilia mara moja tu. Kifungu cha 220 kinafunga mlango kwa kufuli: hesabu ya mihula ya Raisi na urefu wake haviwezi kuguswa na marekebisho yoyote. Kwa upande wa tarehe, kifungu cha 73 kinapatia CENI kazi ya kuita wananchi kwenye kura siku 90 mbele muhula wa Raisi uishe.

Tufanye hesabu pamoja. Raisi aliapa tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2024. Miaka tano yake inaisha tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2029. Rudisha nyuma siku 90, utaangukia tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka 2028. Hesabu hii haiombi diploma. Mtoto wa shule anaweza kuifanya kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Lakini tarehe kubwa haitembeaki peke yake. Mbele yake kuna tarehe ndogo ndogo: siku ya kuanza kuandikisha wachaguzi, siku Bunge linapitisha sheria ya kugawa viti, siku serikali inatoa makuta, siku ya kupokea wagombea, siku ya kuchapisha karatasi za kura, siku ya kuanza kampeni. Mwaka 2023 tuliona namna inatembea. CENI ilitoa kalenda mwisho wa mwezi wa 11 mwaka 2022. Kuandikisha watu kulianza upande wa magharibi tarehe 24 mwezi wa 12, kukafika huku kwetu Tshopo mwezi wa 2 mwaka 2023. Kampeni ilianza tarehe 19 mwezi wa 11, na kura ikapigwa tarehe 20 mwezi wa 12. Toka kalenda mpaka sanduku la kura ni karibu miezi kumi na tatu.

Njo maana mwenye anataka kuchelewesha kura hagusi tarehe kubwa. Anagusa ile ndogo. Makuta hayatoki. Sheria ya viti inalala kwenye meza. Kuandikisha kunaanza nyuma ya wakati. Kisha tarehe kubwa inaanguka yenyewe, sawa vile shimo lenye miti yake ya kushikilia iliondolewa mmoja mmoja, na hakuna mtu anaonekana na panga mkononi.

Tena kuna mlango mwingine. Kifungu kile kile cha 70 kinasema Raisi mwenye kumaliza muhula anabakia kazini mpaka yule mpya aingie. Maana yake ilikuwa nzuri: kiti kisibaki tupu hata siku moja. Lakini tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka 2016, Korti ya Katiba ilikisoma kifungu hiki wakati matayarisho ya kura yalikuwa yamekwisha kuchelewa, na ikasema Raisi abakie. Mlango uliowekwa kwa kuzuia ombwe ukawa mlango wa kuongeza muda.

Tuliyoyaona kwa macho

Inchi hii inajua namna zote za kucheza na tarehe. Wakati wa Mobutu, kura ya Raisi ilikuwa na kalenda safi: 1970, 1977, 1984, kila miaka saba. Haikuchelewa. Lakini mgombea alikuwa mmoja tu, kwa hiyo kura ilikuwa sherehe, haikuwa uchaguzi. Tulijifunza kama kupiga kura mara kwa mara haitoshi.

Kisha vita na transition. Ile transition ilianza mwezi wa 6 mwaka 2003 na ilipashwa kudumu miezi 24. Ilivutwa mara moja, ikavutwa mara ya pili, na kura ya kwanza ikapigwa tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 2006. Ya pili ilikuja kwa wakati wake, tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 2011. Ya tatu, CENI iliandika kwenye kalenda yake tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka 2016. Siku ile ilipita bila kura. Tukajifunza neno moja la Kifaransa lenye hata mama wa sokoni analijua leo: glissement. Tuliteleza miaka miwili. Makubaliano ya maaskofu wa CENCO ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2016 yalisema kura ifanyike mwisho wa 2017. Haikufanyika. Ikaandikwa tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka 2018. Siku kumi mbele yake, depo ya CENI ikaungua moto kule Kinshasa, na kura ikasogezwa tena mpaka tarehe 30.

Wakati huo wote watu walikufa. Mwezi wa 1 mwaka 2015, serikali ilileta sheria yenye ilifunga kura na kuhesabu watu wa inchi nzima, kazi ya miaka. Vijana walitoka barabarani, wengi wakauawa, na Bunge likaondoa mstari ule. Mwezi wa 9 mwaka 2016, siku zile zile CENI ilipashwa kuita wananchi, damu ilimwagika tena Kinshasa. Wale vijana walielewa kitu: walikuwa wanalinda tarehe ndogo, kwa sababu walijua ile kubwa imesimama juu yake.

Lakini kuna glissement moja yenye haikuliliwa na mtu, na ilikuwa refu kupita ile ya Raisi. Wabunge wa jimbo walichaguliwa mwezi wa 10 mwaka 2006. Mwaka 2011 hatukuchagua wengine. Wale wale walibakia mpaka kura ya mwisho wa 2018. Maseneta, wenye wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, walibakia nao. Hesabu vizuri: mtoto mwenye aliingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi mwezi wa 9 mwaka 2006, alifanya miaka sita ya msingi, akafanya miaka sita ya sekondari, akafika kwenye mtihani wa serikali mwaka 2018, na mbunge wa jimbo alikuwa bado ni yule yule. Katikati pale hata jimbo lenyewe lilikatwa: Province Orientale ilikufa mwaka 2015, Tshopo ikazaliwa. Jimbo lilibadilika jina na mipaka, lakini viti havikubadilika wenyewe.

Mji huu wetu unajua bei ya mamlaka yenye haina tarehe. Mwezi wa 6 mwaka 2000, siku sita nzima, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na almasi yetu ilikuwa ndani ya sababu zao. Pale mamlaka haitoki kwenye sanduku la kura, inatoka kwenye mdomo wa bunduki, na bunduki haitoaki kalenda.

Juu ya nini mchimbaji ahangaike

Wengi wanatuambia: "Siye tuko shimoni. Raisi aingie, Raisi atoke, mchanga uko mchanga." Tunawaelewa. Lakini angalia mambo manne.

Kwanza, karte yako. Karte ya mchimbaji inadumu mwaka mmoja. Ikiisha, inaisha. Hakuna ofisi itakuambia kama karte yako "inabakia kazini mpaka mpya ipatikane." Utalipa tena ao utafukuzwa kwenye kariere. Basi, kama muda wa mtu mdogo unaheshimiwa mpaka siku ya mwisho, muda wa mtu mkubwa nao uheshimiwe vile vile.

Pili, safari. Unapiga kura pale ulijiandikisha. Mchimbaji anahama: leo yuko Banalia, kesho kumesikilika dhahabu upande wa Bafwasende, keshokutwa amefuata almasi upande mwingine. Ili apige kura, anapashwa kupanga: makuta ya pikipiki, siku za njiani, chakula cha wale anaacha nyuma. Tarehe yenye kujulikana mbele inamsaidia. Tarehe yenye kusogezwa wiki moja, kama mwaka 2018, inamnyima kura yake bila mtu kumkataza. Mtu wa Kinshasa anaweza kurudi nyumbani na kungoja siku saba. Mtu mwenye alitembea siku tatu kwa barabara zetu hizi, angengojea wapi?

Tatu, kugawana. Kila mchimbaji anajua: mbele ya kuingia shimoni, mnapatana na PDG namna ya kugawa na siku ya kugawa. Kama PDG peke yake anaweza kusema "si leo, tungoje," mtangoja mpaka mchanga wote utakuwa umekwisha kuuzwa. Muhula wa kazi ya serikali ni mapatano ya namna ile. Kura ni siku ya kugawa. Mwenye anashika siku ya kugawa, njo anashika mali.

Ine, na hili ni kubwa kupita yote: makuta ya madini yenyewe. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema redevance yenye makampuni yenye permis yanalipa inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya kati, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa sekta, usultani ao komine pale mgodi uko, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 kwa mia njo ya shule yenu, ya daraja lenu, ya santé yenu. Nani anaishika? Sheria ya mwaka 2008 inasema mkubwa wa sekta anachaguliwa na washauri wa sekta, na washauri wale wanachaguliwa na ninyi. Hata kwenye usultani, pale mkubwa anatoka kwa desturi, kuna baraza lenye linapashwa kuchaguliwa. Lakini toka Katiba ya 2006 mpaka kura ya mwisho ya 2023, hakuna sekta hata moja ya inchi hii ilichagua washauri wake. Mwaka 2023 walichaguliwa washauri wa komine za miji mikubwa ya majimbo tu. Hapa Kisangani, watu wa Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga walipiga kura ile. Mtu wa sekta, kule dhahabu inatoka, hakupata hata karatasi.

Kwa hiyo makuta yana sheria, na yana hesabu yake kwa mia. Mwenye kuyashika tu njo hana tarehe. Kura ya Raisi ikichelewa, dunia nzima inapiga kelele, mabalozi wanaandika barua. Kura ya sekta imechelewa karibu miaka ishirini, na kimya.

Wenye wanasema tofauti

Kuna wenye wanasema kura ni gali, na kila miaka tano ni kuunguza makuta. Ni kweli kama CENI inatumia pesa mingi, kwa sababu kila mara tunaanza tena kuandikisha watu karibu toka sifuri. Dawa yake ni kutunza orodha ya wachaguzi mwaka kwa mwaka. Kupiga kura mara chache hakutaponya ugonjwa ule.

Wengine wanasema miaka tano inaliwa na kungoja. Hapa tunakubali malalamiko, tunakataa dawa. Kura ya tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 ilizaa waziri wa kwanza, Mama Judith Suminwa, tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka 2024, na serikali yake ikatangazwa tarehe 29 mwezi wa 5. Ni zaidi ya miezi tano. Mwaka 2019 ilikuwa mbaya zaidi: Raisi aliapa mwezi wa 1, serikali ikatangazwa mwezi wa 8. Lakini Katiba haikuomba muda ule. Kifungu cha 78 kinapatia mwenye kutafuta wingi wa wabunge siku 30, zenye zinaweza kurudiliwa mara moja. Wakati ulipotea kwenye mapatano ya wakubwa kwa wakubwa. Mfanyakazi mwenye anachelewa kazini kila asubuhi, hatumuongezei masaa ya mshahara. Tunamuomba afike kwa wakati.

Wa tatu wanasema vita. Hawa tunawasikia kwa heshima, kwa sababu Goma na Bukavu zilianguka mwanzo wa mwaka 2025, na hakuna mwenye anajua kesho ya Kivu. Lakini mwaka 2023, Masisi, Rutshuru na Kwamouth hazikupiga kura kwa sababu ya usalama, na inchi yote ingine ilipiga. Ni uchungu kwa ndugu zetu wa kule, na kura yao ni deni. Lakini ilionyesha kama shida ya pahali pamoja inaweza kupatiwa dawa pahali pale, bila kufunga inchi nzima.

Tutazame majirani. Burundi ilipeleka muhula wa Raisi kwenye miaka saba mwaka 2018. Rwanda ilitoka kwenye saba ikarudi kwenye tano. Kila mmoja na hesabu yake. Lakini Kenya ilifanya kitu chenye kinatufundisha zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 iliandika siku yenyewe: Jumanne ya pili ya mwezi wa 8, kila mwaka wa tano. Walipiga tarehe 8 mwaka 2017, tarehe 9 mwaka 2022, na ijayo ni tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 2027. Siku ile wanachagua Raisi, wabunge, magavana na washauri wa chini kabisa. Kenya nayo ina mabishano yake juu ya matokeo, tena makali. Lakini juu ya siku hakuna mabishano.

Hata sisi tuliwahi kuona nguvu ya tarehe yenye kufungwa. Mwezi wa 1 mwaka 1960, kwenye Meza ya Duara kule Bruxelles, Wakongomani walipata tarehe ya uhuru: 30 mwezi wa 6. Miezi tano tu. Kwa sababu tarehe haikuweza kusogezwa, kura ya Bunge ilipigwa mwezi wa 5, na chama cha Lumumba, chenye nguvu yake ilikuwa hapa Stanleyville, kilipata viti kupita vyama vingine. Inchi ilikuwa na barabara, lakini haikuwa na simu mkononi wala kompyuta. Tarehe iliamuru kazi, kazi haikuamuru tarehe.

Tunaomba nini

Kwa hiyo, kama kweli Katiba itafunguliwa, tunaomba wabunge wetu wa Tshopo wasirudi Kinshasa na ulizo la miaka tu. Waombe siku ya kura iandikwe ndani ya sheria, ya Raisi na ya sekta kwenye mstari mmoja, ili asiwepo mtu wa kuteleza na moja akiacha ingine.

Kama Katiba haitafunguliwa, sheria ya leo inatosha kwa kuanza. CENI itoe kalenda mapema, na kalenda ile ionyeshe tarehe ndogo zote, na kura ya sekta na usultani iwe na siku yake, isiandikwe "baadaye." Serikali itoe makuta mwaka kwa mwaka, isingoje mwaka wa mwisho.

Na wewe ndugu mchimbaji, na wewe mama mwenye unamngojea nyumbani, kuna kazi yenu. Tunzeni karte ya kura sawa vile mnatunza jiwe. Wakati kuandikisha kutaanza, fikirini pahali mtakuwa siku ya kura, mjiandikishe pale. Mgombea akija na tisheti na bia, msimuulize tu ataleta nini. Mumuulize: kura ya sekta yetu iko tarehe gani, na 15 kwa mia yetu iko mikononi mwa nani? Kama hana jibu, mjue kama hata yeye anangoja mtu mwingine amuwekee tarehe.

Andikeni kwenye ukuta wa nyumba, pembeni ya majina ya watoto: tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka 2028. Wahenga wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Siye wa Boyoma tumengoja vya kutosha.